Maduka ya Dawa Muhimu: kisa cha Ruvuma, na malipo ambayo mageuzi hayakuyagusa

Mwaka 2001 Wizara ya Afya, ikisaidiana na shirika la Marekani la Management Sciences for Health, ilifanya tathmini ya upatikanaji wa dawa Tanzania Bara. Matokeo yake hayakumshangaza mtu yeyote aliyewahi kuishi kijijini. Mtu akiumwa, mara nyingi haanzii zahanati, anaanzia duka la dawa baridi. Maduka hayo yalikuwa zaidi ya 4,000, mengi kuliko vituo vya afya vya serikali. Famasi zenye mfamasia zilikuwa mia chache tu, na sehemu kubwa zilirundikana Dar es Salaam.

Kisheria, chini ya Sheria ya Dawa na Sumu ya mwaka 1978, duka la dawa baridi liliruhusiwa kuuza dawa zisizohitaji cheti cha daktari: za maumivu, za mafua, za kuchafuka tumbo. Lakini mgonjwa aliyefika dirishani na homa ya siku tatu hakuhitaji dawa ya mafua. Alihitaji dawa ya malaria, au antibayotiki, na zile za cheti muuzaji alikuwa nazo chini ya kaunta. Alizipata popote alipoweza, nyingine zikiwa hazijasajiliwa nchini kabisa. Aliyeziuza mara nyingi hakuwa na mafunzo yoyote, na mkaguzi alipokaribia zilihamishiwa nyumbani.

Serikali ilikuwa na njia chache. Ingeweza kuyafunga maduka hayo, na mwanakijiji aliye mbali na zahanati angebaki na mganga wa kienyeji au mchuuzi wa dawa mnadani. Ingeweza kusubiri wafamasia watoshe, lakini wakati huo shule ya famasi ilikuwa moja, ile ya Muhimbili iliyoanza 1974, na wahitimu wake walikuwa makumi tu kwa mwaka. Ingeweza pia kuendelea kufumba macho kama ilivyokuwa ikifanya. Njia iliyochaguliwa ilikuwa kumchukua muuzaji yuleyule, katika duka lilelile, na kumwingiza ndani ya mfumo. Ndiyo iliyozaa Duka la Dawa Muhimu, DLDM.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu, kwa maoni yangu, ndiyo hatua ya kijasiri kuliko zote zilizowahi kuchukuliwa nchini katika eneo la dawa. Na kasoro yake moja, iliyokuwepo tangu siku ya kwanza, ndiyo inayotusumbua leo tunapoingia kwenye bima ya afya kwa wote.

Ruvuma

Majaribio yalianza Agosti 2003 mkoani Ruvuma. Msimamizi alikuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA, ambayo yenyewe ilikuwa imeanza kazi Julai ya mwaka huohuo. Fedha zilitoka kwa Bill & Melinda Gates Foundation kupitia mradi ulioitwa SEAM.

Mkoa wenyewe haukuwa rahisi. Songea iko zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, na wakati ule barabara ya kwenda Tunduru ilikuwa ya vumbi, masika ikigeuka tope. Kusini kuna mpaka mrefu na Msumbiji, magharibi Ziwa Nyasa, na dawa huvuka mipaka hiyo kama bidhaa nyingine yoyote. Mbinga wanategemea kahawa, Tunduru korosho, Namtumbo tumbaku. Fedha zinaingia kwa msimu, magonjwa hayana msimu mmoja. Mpango ambao ungesimama hapo ungekuwa na haki ya kupelekwa kwingine.

Kilichofanyika kilikuwa na sehemu kadhaa zilizofungamana, na nadhani ni huko kufungamana kulikoleta matokeo. Duka lilipaswa kuwa na sakafu ya saruji, dari, makabati na mahali pa kufungia dawa za cheti. Mtoa dawa alipaswa kuwa na msingi wa afya, angalau muuguzi msaidizi, kisha akae darasani wiki tano hivi kujifunza magonjwa ya kawaida, dozi, dalili za hatari, wakati wa kumpa mtu rufaa, sheria, na uandishi wa kumbukumbu. Mmiliki naye alikuwa na mafunzo yake, mafupi zaidi, kuhusu biashara na maadili. Wakaguzi walichaguliwa na kufundishwa hadi ngazi ya kata, wakiwajibika kwa halmashauri, ili duka la Namtumbo lisimsubiri mtu atoke Dar.

Lakini kiini chake kilikuwa orodha. Duka likitimiza masharti liliruhusiwa kuuza, kwa halali na hadharani, baadhi ya dawa zilizokuwa za famasi peke yake: antibayotiki kadhaa za kawaida, baadhi ya dawa za malaria, vidonge vya uzazi wa mpango. Kwa mfanyabiashara, hiyo ilimaanisha biashara aliyokuwa akiifanya kwa hofu sasa ilikuwa na leseni ukutani. Na mwenye leseni ana kitu cha kupoteza. Miaka yote ya misako haikuwahi kumpa muuza dawa sababu ya kumkaribisha mkaguzi; orodha ilimpa. Ndani ya miaka miwili maduka zaidi ya 150 yalikuwa yameidhinishwa mkoani humo.

Wafamasia walikuwa wapi katika haya? Walikuwa kila mahali isipokuwa kwenye kaunta. Wao ndio walioandaa orodha, wakatunga mafunzo, wakasimama darasani, wakaweka viwango, wakakagua. Walikuwepo wanataaluma waliopinga, kwa hoja kwamba kumpa antibayotiki mtu wa wiki tano za darasani ni kuishusha hadhi taaluma na kumhatarisha mgonjwa. Hoja yao siidharau. Ila mgonjwa waliyemhofia alikuwa tayari anazinunua dawa hizo kutoka kwa mtu ambaye hakuwa amekaa darasani hata siku moja. Mfamasia mmoja mwenye uwezo wa kuinua maduka mia anaokoa wengi kuliko mfamasia mmoja ndani ya duka moja mjini, na hilo Ruvuma ilikuwa ya kwanza kulionyesha kwa matendo.

Dakika kumi za kaunta

Ili kuelewa mafunzo yale yalibadilisha nini, tulitazame tukio la kawaida la kila siku. Mama anaingia na mtoto wa miezi kumi mgongoni, mtoto anakohoa na mwili una joto. Mama anataja dawa moja kwa moja: amoksilini ya maji.

Zamani alipewa, akalipa, akaondoka. Mtoa dawa aliyefundishwa, hasa baada ya mafunzo ya magonjwa ya watoto kuongezwa, anaanza na maswali. Ana siku ngapi hivi? Ananyonya? Anatapika kila anachokula? Amepata degedege? Jibu moja baya hapo linatosha kumwandikia rufaa aende kituo cha afya muda huohuo. Kama yote ni salama, anamwomba mama amshushe mtoto, amfunue kifua, naye anatazama saa na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Kwa umri huo, pumzi 50 au zaidi kwa dakika ni dalili ya nimonia. Kifua kikibonyea ndani wakati wa kuvuta pumzi, hilo si la dukani tena. Pumzi zikiwa 38 na hakuna dalili ya hatari, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni mafua tu: anyonyeshwe zaidi, apewe maji, homa ishushwe kwa parasetamo, apelekwe kupimwa malaria, na arudi haraka akibadilika.

Kazi hiyo imechukua dakika kumi. Imefanywa sawasawa kabisa, na duka limeuza chupa moja ya parasetamo. Pengine halikuuza chochote.

Msomaji alikumbuke tukio hilo, maana kila kilichokuja baadaye kinaanzia hapo.

Takwimu zilivyosema

Tathmini iliyofanywa baada ya majaribio ililinganisha Ruvuma ya kabla na ya baada, na pia na Singida, ambako mpango haukuwepo. Dawa zisizosajiliwa zilizokutwa madukani Ruvuma zilishuka kutoka asilimia 26 hadi 2. Watu waliopewa antibayotiki isivyostahili kwa mafua na kikohozi cha kawaida walishuka kutoka asilimia 39 hadi 14. Waliohudumiwa malaria kwa kufuata mwongozo wa tiba wa taifa walipanda kutoka asilimia 6 hadi 24.

Takwimu hizi hunukuliwa mara nyingi kama ushindi mtupu, na mimi nadhani tunawakosea heshima waliofanya kazi ile tusipozisoma kwa makini. Ya kwanza ni ushindi kweli, ingawa hata Singida dawa zisizosajiliwa zilipungua, si kwa kiasi hicho, kwa kuwa TFDA ilikuwa mpya na inasukuma usajili nchi nzima. Ya pili ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu inapima kitu kigumu: mtu kumnyima mteja dawa aliyokuja kuitafuta na fedha mkononi. Ya tatu inaleta shida. Kutoka 6 hadi 24 ni mara nne, sawa, lakini inamaanisha kwamba baada ya darasa, leseni na ukaguzi, watu watatu kati ya wanne bado hawakuhudumiwa malaria inavyotakiwa.

Kwa nini mafanikio yalikuwa makubwa kwenye rafu na madogo kwenye dozi? Rafu inakaguliwa. Mkaguzi anaingia, anaona, anaandika. Dozi inatolewa watu wawili wakiwa peke yao, mmoja ana shilingi mia chache na mwingine ana kodi ya pango.

Jaribio lililofuata lilionyesha wazi zaidi. Tanzania ilipohamia dawa ya mseto ya malaria, ALu, mwishoni mwa 2006 na kuanza kwa 2007, swali lilikuwa jinsi ya kuifikisha vijijini wakati bei yake ilikuwa juu mno kuliko SP, dawa ya malaria iliyozoeleka. Dozi ya mtu mzima ni vidonge 24, vinne kwa mara moja, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, na ya pili inanywewa saa nane baada ya ya kwanza. Ni dozi inayoshawishi kukatwa: mteja anaomba vidonge vinane "aone kwanza hali," akipata nafuu kesho yake habari zimeisha. DLDM zikaingizwa kwenye mpango wa ALu ya ruzuku, ikiwa kwenye pakiti zilizopangwa kwa umri. Baadaye, kuanzia 2010, ukaja mpango mkubwa zaidi wa kimataifa ulioleta pakiti zenye alama ya jani la kijani, na bei ya dawa ya mseto madukani ikashuka sana. Pakiti nzima ilipouzwa kwa bei ambayo mtu anaimudu, hakukuwa na haja kubwa ya kuikata. Bei ilifanya kazi ambayo mahubiri ya "maliza dozi" yalikuwa yameshindwa kuifanya kwa miaka.

Kutoka mkoa mmoja kwenda nchi nzima

Serikali iliamua mpango uendelee. Mtwara na Rukwa zilifuata, Morogoro ikapata fedha za msaada wa Marekani, na katika miaka kumi hivi tangu Ruvuma DLDM zilikuwa zimeenea Tanzania Bara kwa maelfu, leseni za dawa baridi zikiondolewa mkoa baada ya mkoa. Uganda ilijaribu mfano huo wilayani Kibaale, Liberia nayo ikauchukua. Ni nadra wazo lililokomaa Songea kusafiri hivyo, na tuna haki ya kujivunia.

Gharama zilibanwa ili iwezekane. Mafunzo na ukaguzi vilishushwa kwenye halmashauri, wamiliki na watoa dawa wakachangia ada. Kisha Sheria ya Famasi ya mwaka 2011 ikaweka maduka haya chini ya Baraza la Famasi badala ya TFDA. Kitaaluma hilo lilikuwa sahihi, maana anayesimamia watu wa dawa ndiye asimamie na mahali wanapofanyia kazi. Lakini Baraza halikuwa na mtandao wa ofisi na magari wa kulingana na mzigo, hivyo mzigo ukamwangukia mfamasia wa halmashauri.

Siku ya mtu huyu haina nafasi. Ndiye anayekusanya mahitaji ya dawa ya zahanati zote na kuyaagiza Bohari ya Dawa, MSD. Ndiye anayeulizwa na diwani kwa nini zahanati ya kata fulani haina dawa. Ana vikao, taarifa za miradi, dawa zilizoisha muda zinazosubiri kuteketezwa. Kukagua maduka ni kazi yake pia, lakini inahitaji gari, na gari la idara ya afya linagombewa na chanjo, rufaa na usimamizi elekezi. Ukaguzi ukabaki wa msimu.

Upande wa maduka, watoa dawa waliofundishwa waliondoka. Wengi ni wanawake vijana: mmoja anaolewa na kuhamia mji mwingine, mwingine anapata ajira hospitalini, mwingine anafungua duka lake. Mmiliki anabaki na leseni inayosema ana mtoa dawa, na kwenye kaunta amekaa mpwa wake. Tatizo hilo lina ndugu yake mkubwa mijini, kwenye famasi kamili, ambako cheti cha mfamasia msimamizi kinaning'inia ukutani na mwenyewe haonekani wiki nzima, kwa kuwa alichokodisha ni jina lake. Hilo linanikera kuliko la mpwa. Mpwa hajaapa kiapo cha taaluma.

Na antibayotiki zikarudi. Tafiti za miaka ya karibuni zilizotuma wateja wa kuigiza madukani zimekuta mara kwa mara dawa za cheti zikiuzwa bila cheti, na nusu dozi zikitolewa kwa anayeziomba. Mwaka 2017 nchi ilizindua mpango wa kitaifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na duka la dawa ni moja ya milango ya kwanza ambayo usugu huo hupitia.

Kilichoachwa kama kilivyokuwa

Hapa naomba turudi kwenye zile dakika kumi. Mageuzi ya 2003 yalibadilisha anachokijua mtoa dawa, anachoruhusiwa kuuza, mahali anapouzia na anayemkagua. Hayakubadilisha anavyolipwa. Kabla ya mpango alipata riziki kwa kuuza vidonge, na baada ya mpango anapata riziki kwa kuuza vidonge. Kuhesabu pumzi hakulipwi. Kuandika rufaa hakulipwi. Kwa kweli rufaa ni mteja aliyekwenda kwa mwingine. Kila mara anapofanya kazi yake vizuri kabisa, mmiliki anamuuliza jioni kwa nini mauzo ni madogo. Ukaguzi ulipokuwa mkali, hofu ya kupoteza leseni ilisawazisha mizani. Ulipolegea, upande mmoja wa mizani ukabaki mtupu, na sidhani inafaa kumlaumu binti wa kaunta kwa hilo kabla hatujawalaumu waliouunda mfumo.

Wapo wanaosema dawa yake ni moja tu, kuongeza masomo: wiki tano ziwe mwaka au zaidi. Sina ubishi na elimu. Ila mtu wa mwaka mmoja anayelipwa kwa kidonge atauza kidonge pia, na tena ataomba mshahara ambao duka la Mbamba Bay haliwezi kuulipa.

Mfano wa kinyume tunao nyumbani. Mwaka 2014 Dodoma ilianza mfumo wa mshitiri, unaojulikana kama Jazia. MSD ikikosa dawa, halmashauri hazihangaiki kila moja kivyake. Zinanunua kwa msambazaji mmoja binafsi aliyepatikana kwa zabuni ya mkoa, kwa bei zilizokubaliwa. Kufikia 2018 mfumo ulipelekwa nchi nzima. Wafamasia wa mikoa na halmashauri ni sehemu ya uti wa mgongo wake: wanakadiria mahitaji, wanahakiki ubora, wanafuatilia msambazaji. Ni taaluma ileile na watu walewale waliokuwa wakilaumiwa kwa rafu tupu. Tofauti ni kwamba safari hii utaalamu wao uliunganishwa na mahali fedha zinapopita.

Sasa tuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023. Mwanachama wa kijijini atakuwa na kadi, ataandikiwa dawa zahanati, na siku dawa hiyo itakapokosekana atahitaji mahali pa kuichukua bila kutoa fedha mfukoni. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF, ulishawahi kuingia mikataba na DLDM, kwa hiyo njia ipo. Hatari ninayoiona ni kwamba tutaipita njia hiyo kwa mtindo wa zamani: bima ilipe kidonge, na duka lizidi kuuza kidonge, safari hii kwa fedha za umma.

Mkataba unaweza kuandikwa vingine. Bima ilipe ada ndogo isiyobadilika kwa kila mwanachama aliyehudumiwa na kuandikwa kwenye rejesta, awe ameondoka na dawa, na rufaa, au na ushauri mtupu. Faida juu ya antibayotiki ibanwe. Rufaa iliyofika zahanati kweli ilipwe zaidi kidogo. Rejesta tayari ni sharti la DLDM tangu Ruvuma, kwa hiyo hatuanzi upya. Anayezisoma rejesta hizo kila mwezi, kuzilinganisha na madai, na kusimamisha malipo ya duka lisilo na mtoa dawa aliyesajiliwa, awe mfamasia wa halmashauri, na muda wake huo ulipwe na mfuko wa bima kama gharama ya uendeshaji, pamoja na pikipiki na mafuta yake, visiachwe kugombewa na chanjo. Duka lisilokubali mkataba liendelee na biashara yake chini ya ukaguzi wa kawaida.

Ningeanza na halmashauri za Ruvuma. Takwimu zake za mwanzo zipo, wamiliki wake wana kumbukumbu ndefu ya mpango huu kuliko wa mkoa mwingine wowote, na itakuwa rahisi kupima kama ile asilimia 14 ya antibayotiki inaweza kufikiwa tena, na kudumu bila fedha za mfadhili.